Kanyagio la Breki ya Nyuma: Tuliyojifunza Daudi



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya miche, palizi, uanikaji na kutenga makonyo. Mara hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya chombo ambacho wazee wetu hawakukihesabu kuwa ni cha shamba, nacho ni pikipiki. Mwenye punda bado yupo, na mwenye baiskeli yupo. Lakini karafuu za wengi wetu siku hizi hutoka mashamba ya ndani hadi uwanja wa kuanikia, na kutoka hapo hadi kituo cha ununuzi cha ZSTC, zikiwa zimefungwa nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo breki ya pikipiki imekuwa jambo la mkulima kama lilivyo jambo la fundi.

Mtakumbuka kwamba katika msimu uliopita kijana mmoja aliyekuwa akibeba karafuu kwa pikipiki ya Jumuiya alianguka katika mteremko, akavunjika mfupa wa mtulinga. Katika taarifa tuliyowasomea mkutanoni tulisema kuwa sababu ilikuwa ni mvua na utelezi. Leo twataka kuirekebisha taarifa ile, na pamoja nayo tuwaeleze namna ya kuirekebisha breki yenyewe. Jambo hili hatukulijua hapa nyumbani. Tulilijua mbali, mahali panapoitwa Daudi.

SAFARI YA DAUDI

Mwaka huu tulikwenda bara kutazama wakulima wa vitunguu saumu wanavyoanika na kufunga mazao yao, kwani kitunguu saumu na karafuu ni ndugu katika jambo moja: kikifungwa na unyevu, gunia zima huharibika. Wilaya ya Mbulu yasifika kwa zao hilo. Tulipita Arusha na Mto wa Mbu, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Karatu, kisha tukashika njia ya Mbulu. Nchi hiyo imo katika Mkoa wa Manyara, uliokatwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, watu wakulima na wafugaji. Daudi ndipo tulipofikia.

Mtu wa kisiwani akifika huko huona mambo mawili upesi. La kwanza ni baridi. La pili ni miteremko. Vilima vyetu vya Pemba ni vingi lakini ni vifupi. Mtu hajamaliza kushuka, keshaanza kupanda. Kule unaweza kushuka mpaka ukasahau kwamba ulipanda.

Siku ya pili tulikodi pikipiki. Kijana aliyetuchukua alikuwa amevaa koti zito na mabuti ya mpira, na kwa ajili ya kofia yetu alituita mwalimu, nasi hatukumkatalia. Nyuma yetu alifunga gunia dogo la vitunguu saumu. Tulipokuwa katikati ya mteremko tulisikia harufu ya kitu kinachoungua, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Kijana alirudisha gia, akatumia breki ya mbele taratibu, akasimama pembeni ya njia.

"Samahani mwalimu, tushuke kidogo," alisema.

Alitema mate kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo yakachemka na kukauka papo hapo. Sisi tulikuwa na chupa ya maji mkononi, tukataka kumwagia. Akatushika mkono. "Hapana, mwalimu. Chuma kikiwa moto hivi ukakimwagia maji ya baridi kinaweza kupasuka. Tungoje."

Tukangoja. Wakati tunangoja akapiga magoti, akatazama upande wa breki, akatikisa kichwa kama mtu aliyejikamata mwenyewe akiiba. "Jana jioni nilikaza cheni," alisema. "Nikasahau kuilegeza breki."

Akazungusha nati moja ndogo mara kadhaa, akalibonyeza kanyagio kwa mkono, akatazama, akaizungusha tena kidogo. Chuma kilipopoa tukaendelea, na mpaka tunafika chini harufu ile hatukuisikia tena. Tulipomuuliza nati ile ni ya nini, alitueleza yote kwa subira. Neno lake moja tumelichukua mpaka nyumbani: "Watu wanadhani breki nzuri ni ile iliyokazwa. Breki nayo lazima ipumzike."

Tuliposikia hivyo tuliingiwa na ubaridi usiokuwa wa Mbulu, na sababu yake tutaieleza mwisho wa maneno haya. Kwanza tueleze kazi ya breki.

NAMNA BREKI INAVYOFANYA KAZI

Pikipiki ndogo zilizo nyingi kwetu zina breki ya nyuma ya dramu. Breki ya namna hii ni ya zamani. Mfaransa Louis Renault ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake, mwaka 1902, kwa ajili ya magari. Pikipiki yenye sahani ya chuma inayobanwa kwa mafuta ina mambo yake mengine, na maelezo haya siyo yake.

Kanyagio la breki liko chini ya mguu wa kulia. Wazee waliopanda BSA na Triumph za zamani watakumbuka kwamba katika pikipiki zile gia zilikuwa kulia na breki kushoto. Tangu katikati ya miaka ya 1970 watengenezaji karibu wote wamefuata mpango mmoja, gia kushoto na breki kulia.

Ukilikanyaga kanyagio, fimbo nyembamba ya chuma huvutwa kwenda mbele. Mwisho wa fimbo hiyo, karibu na gurudumu, pana mkono mfupi uliosimama. Fimbo ikivutwa, mkono huo huzungusha kipande cha chuma chenye ubapa kilichomo ndani ya kitovu cha gurudumu. Huko ndani mna viatu viwili vya breki vilivyopinda kama mwezi mchanga. Kipande kile kikizunguka huvipanua, navyo vikasugua ukuta wa ndani wa dramu, gurudumu likapunguza mwendo. Ukiondoa mguu, springi huvirudisha viatu mahali pake, na gurudumu likawa huru.

Basi fahamuni hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ili viatu virudi kabisa, lazima kanyagio liwe na mwanya, yaani lishuke kidogo kabla ya breki kuanza kushika. Mwanya huo ndio mapumziko ya breki. Ukiuondoa wote, viatu havirudi. Hubaki vinagusa dramu, vinasugua mchana kutwa bila ya wewe kukanyaga.

Kusugua ni joto. Chukueni hesabu ya safari yetu ya Daudi: pikipiki kilo 120, kijana kilo 65, sisi kilo 75, na gunia kilo 40; jumla kilo 300. Uzito huo ukishuka kimo cha mita 100, na kama kazi yote ya kuuzuia ingeachiwa breki peke yake, joto linalotoka lingetosha kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 95. Hapo tumehesabu mita 100 tu. Dramu likipata moto hutanuka na kuvikimbia viatu, na kitambaa kigumu kilichogandishwa juu ya viatu hupoteza nguvu yake ya kushika. Matokeo yake ni kwamba breki iliyokazwa kupita kiasi hujichosha yenyewe njiani, na unapoihitaji kwa kweli, kanyagio huzama na gurudumu haliitiki. Kwa hiyo aliyekaza mno na aliyelegeza mno huishia mahali pamoja.

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu wa kanyagio, ndugu wanachama, hauzibwi.

DALILI ZA BREKI ILIYOKAZWA MNO

Gurudumu la nyuma ni zito ukisukuma pikipiki kwa mkono. Kitovu cha nyuma kina moto baada ya mwendo mfupi ambao hukutumia breki. Taa ya breki yawaka hali hukukanyaga. Pikipiki yanywa petroli kuliko desturi yake, na kwenye kilima yachoka. Na dalili iliyo mbaya kuliko zote: ukigusa kanyagio kidogo tu, gurudumu hufunga ghafla. Kwenye lami kavu jambo hilo hushtua. Kwenye udongo uliolowa humwangusha mtu.

Iliyolegea mno haihitaji maelezo marefu: kanyagio hushuka sana kabla ya kushika, au hufika mwisho wake na pikipiki bado yakwenda.

KABLA HUJAGUSA NATI

Kwanza, angalieni cheni. Hili ndilo kosa lililotukuta Daudi, na kwa hakika ndilo linalowakuta wengi. Cheni ikikazwa, gurudumu la nyuma hurudishwa nyuma. Likirudi, hurudi pamoja na mkono wa breki, lakini fimbo ya breki urefu wake ni ule ule. Basi fimbo huwa kama imevutwa, mwanya hupungua au kwisha, na breki yashika wenyewe mkiwa hamna khabari. Kwa hiyo kanuni ni hii: cheni kwanza, breki baadaye. Mwenye kukaza cheni na ailegeze nati ya breki kabla, kisha aipime upya.

Cheni nayo isikazwe kama uzi wa kupimia ukuta. Kila pikipiki ina kipimo chake, na vingi katika vitabu vya pikipiki ndogo huwa baina ya milimita 20 na 35 za kuchezacheza katikati ya upande wa chini. Alama za pande mbili za mkono wa nyuma zilingane, gurudumu lisikae upande. Ikiwa pikipiki yenu ina chuma kirefu kinachoizuia sahani ya breki isizunguke, na mkakilegeza wakati wa kazi hiyo, kikazeni tena na kuirudisha pini yake ndogo. Chuma hicho kikiachia njiani, sahani ya breki huzunguka pamoja na gurudumu, na madhara yake ni makubwa. Na mnapomaliza kukaza nati ya ekseli, mtu mmoja na alikanyage kanyagio na kulishikilia huku mwingine anakaza. Hivyo viatu hukaa katikati ya dramu.

Pili, angalieni kama kanyagio larudi lenyewe. Sisi watu wa bahari tuna adui ambaye ndugu zetu wa Daudi hawanaye, nayo ni hewa ya chumvi. Mhimili wa kanyagio hushika kutu, springi yake hulegea, na kanyagio likibonyezwa hurudi kwa uvivu au hubaki chini. Hapo breki yasugua, na mtu huilaumu nati. Utieni mhimili mafuta kidogo, na springi iliyochoka ibadilishwe. Lakini mafuta yasikaribie dramu hata tone moja.

Tatu, angalieni kimo cha kanyagio. Ukikaa na mguu ukiwa juu ya kituo chake, wayo uweze kulifikia kanyagio bila ya kuunyanyua mguu sana, wala usiwe umelilalia. Baadhi ya pikipiki zina skrubu ndogo yenye nati ya kufungia karibu na kanyagio, kwa ajili ya kimo hiki, nyingine hazina. Kama ipo, legezeni nati ya kufungia, zungusheni skrubu mpaka kimo kiwe sawa, kisha kazeni nati. Fanyeni kazi hii mkiwa mmevaa viatu vile vile mnavyopandia. Kijana wa Daudi hupanda na mabuti mazito kwa ajili ya baridi na tope. Kwetu wengi hupanda na makubadhi au ndara. Kimo kinachomfaa yeye hakitufai sisi, na vijana wawili wanaopokezana pikipiki moja, mmoja na mabuti na mwingine na ndara, hawatakuwa na breki moja. Tusisahau kusema kwamba ndara si viatu vya kupandia pikipiki. Lakini twaandika kwa watu tunaowajua.

KUPIMA NA KUREKEBISHA MWANYA

Isimamisheni pikipiki juu ya stendi kubwa, mahali palipo sawa, gurudumu la nyuma likiwa hewani na gia ikiwa huru. Breki iwe ya baridi, kwani tumekwisha sema kwamba joto hubadilisha kipimo.

Chukueni rula ya mtoto wa skuli, muiweke wima karibu na ncha ya kanyagio. Libonyezeni kwa mkono, si kwa mguu, taratibu, mpaka msikie uzito wa breki kuanza kushika. Umbali ambao ncha imeshuka ndio mwanya. Vitabu vingi vya pikipiki ndogo vyataja milimita 20 mpaka 30. Aliye na kitabu cha pikipiki yake na akifuate hicho. Asiyekuwa na rula na ajue kwamba upana wa dole gumba la mtu mzima, au zaidi kidogo, wakaribia kipimo hicho.

Sasa endeni nyuma kwenye ncha ya fimbo ya breki. Mtaona nati inayopita juu ya nyuzi za fimbo na kuegemea pini ya mviringo iliyomo katika mkono wa breki. Mkiizungusha kwa upande wa kukaza, mwanya wapungua. Mkiizungusha kwa upande wa kulegeza, mwanya waongezeka. Zungusheni nusu mzunguko, pimeni. Nusu mzunguko tena, pimeni. Msizungushe mara tano kwa haraka kisha mkatafuta mlipopotelea.

Nati hiyo ina mfuo uliochongwa ili ukae juu ya ile pini. Kila mkimaliza, tazameni kwa macho kwamba mfuo na pini vimekaliana barabara. Vikiwa havikukaliana, kipimo mlichopata ni cha uwongo. Katika mwendo wa kwanza nati itaingia mahali pake na mwanya utabadilika.

Kisha zungusheni gurudumu kwa mkono. Liende huru, mara kadhaa, kabla ya kusimama. Sauti ndogo ya kusugua kama mnong'ono haina neno. Likisimama upesi, breki bado imekazwa. Kanyageni mara tatu au nne kwa nguvu, mpime tena, kwani mara ya kwanza viatu huwa havijatulia.

Baada ya hapo itazameni taa ya breki. Iwake pale kanyagio linapokaribia kumaliza mwanya wake, kabla breki haijaanza kushika. Ikichelewa au ikiwahi mno, ishikeni swichi yake isizunguke, na izungusheni nati yake peke yake. Mkiizungusha swichi yenyewe, waya zake hukatika.

Mwisho, na hili tulilipata Daudi, mtu mmoja na apande juu, na mzigo wa desturi ufungwe, kisha kipimo kitazamwe tena. Pikipiki ikilemewa hushuka kwa nyuma, na fimbo ya breki huweza kuvutwa au kulegea kwa kadiri ya umbo lake. Breki iliyopimwa pikipiki ikiwa tupu si lazima iwe ndiyo ile ile ukishafunga magunia.

Ndipo mtoke kwenda kuijaribu polepole, mahali tambarare pasipo watu. Mkirudi gusani kitovu cha nyuma kwa tahadhari. Kisiwe cha moto.

MAHALI AMBAPO NATI HAISAIDII

Si kila ugonjwa wa breki ni wa mwanya. Viatu vikilika mpaka mwisho, nati haitawafaa. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki na alama kwenye sahani. Kanyageni mpaka mwisho mkatazame: mshale ukifikia alama, viatu vimekwisha, nunueni vipya.

Hapa twataka kuwatahadharisha juu ya jambo linalofanywa sana ili kuokoa fedha. Nati ikifika mwisho wa nyuzi zake, wako wanaouchomoa mkono wa breki na kuurudisha ukiwa umehamishwa jino moja, ili ipatikane nafasi nyingine ya kukaza. Kanyagio hupanda, na mwenye pikipiki hufurahi. Lakini kipande kile cha ubapa huko ndani sasa kimezungushwa kupita mahali kilipowekewa, nacho huweza kuvipanua viatu na kukwama kisirudi. Gurudumu likifunga katika mteremko, bei ya viatu itaonekana kuwa ni ndogo sana.

Dramu likifunguliwa kusafishwa, vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake ni sumu ya mapafu, na si rahisi kujua kilichomo katika vile vya bei ya chini. Futeni kwa kitambaa kilicholowa maji.

Na baada ya kuvuka maji mengi, breki hupungua nguvu mpaka ikauke. Endeni polepole mkiikanyaga kidogo kidogo mpaka irudi. Msiikaze kwa sababu ya maji ya leo, maana kesho itakuwa kavu na imekazwa.

Tusiseme pia kwamba breki ya nyuma yatosha peke yake. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huelemea mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Katika mteremko mrefu tumieni gia ya chini ili injini nayo isaidie, na breki zote mbili kwa upole. Ndivyo alivyofanya yule kijana, na ndiyo sababu tumerudi salama kuwaandikia.

TAARIFA ILIYOREKEBISHWA

Sasa turudi kwenye taarifa yetu. Wiki moja kabla ya kuanza msimu uliopita, cheni ya pikipiki ya Jumuiya ilikazwa. Sisi tulikuwapo. Tuliona mzigo utakuwa mkubwa, basi tukasema kwa mdomo wetu: "Na breki pia, kaza mpaka mwisho." Ikakazwa. Hatukupima, wala hatukujua kwamba kuna cha kupimwa. Kijana alipopita katika mteremko, ardhi imelowa na magunia mawili yako nyuma yake, aligusa kanyagio kidogo na gurudumu likafunga. Mvua ilikuwapo, ni kweli. Lakini mvua ilinyesha juu ya pikipiki zote siku ile, na iliyoanguka ni moja.

Tuliporudi kutoka bara tulikwenda nyumbani kwake. Tulikaa barazani na baba yake, tukaeleza yote. Mzee alinyamaza muda, kisha akasema, "Haya, Bwana Katibu. Mumekuja wenyewe." Mfupa umeunga, alhamdulillahi, ingawa mkono haujapata nguvu ya kupanda mkarafuu. Kijana naye alituambia neno ambalo tumeona ni haki liandikwe hapa: "Nilikwambieni siku ya kwanza kwamba inakamata. Mkanijibu kwamba breki ya kukamata ndiyo nzuri." Ni kweli alitwambia, na tulimjibu hivyo. Tulikuwa tumelisahau, yeye hakulisahau.

Tumeiomba Kamati taarifa ya mwaka uliopita isahihishwe katika daftari la mikutano. Pia tumefungua daftari dogo linalokaa na pikipiki, ambamo kila anayekaza cheni ataandika siku, na mbele yake kipimo cha mwanya wa kanyagio kwa milimita. Rula imefungwa kwa kamba pamoja na daftari. Kijana akisema pikipiki ina jambo, itasimama mpaka itazamwe.

Mwanachama mwenye pikipiki na aipime jioni hii, kabla magunia hayajafungwa. Kazi yenyewe haichukui muda wa kuchemsha chai, na asiyejua na aje ofisini na pikipiki yake tuitazame pamoja.

Wassalaam,
Katibu